Uandishi wa kubuni, shahada ya uzamili ya (Meru na Embu)

Ni masomo ya chuo kikuu ambamo mtahiniwa huwasilisha riwaya, tamthilia au diwani yake, aghalabu pamoja na insha ya uhakiki. Mfumo huu ulikita mizizi Iowa, Marekani, mwaka 1936. Mwandishi Taban lo Liyong alihitimu huko 1968 kisha akafundisha Nairobi. Mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Meru na Chuka hadi Embu, vyuo vikuu vimeongezeka: Chuo Kikuu cha Methodist cha Kenya (KeMU) kilipata hati ya kuidhinishwa 2006, Chuka 2013, Embu 2016. Hata hivyo, njia iliyozoeleka ya mwandishi wa huku ni isimu au uhakiki. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alitunukiwa uzamifu Nairobi kwa tasnifu ya 1993 kuhusu mofofonolojia ya Kitharaka, ilhali umaarufu wake umetokana na mashairi na tamthilia kama Kifo Kisimani, ambamo utawala wa Butangi unadhibiti visima na wananchi wanadai maji.

Wapo watakaosema mfano huo unathibitisha kwamba kipawa hakihitaji shahada. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi: Mberia alikuwa na mshahara wa mhadhiri, maktaba na wenzake wa kusoma miswada. Kijana wa Maua au Siakago hana hayo, na shahada humpa angalau msomaji mkali na tarehe ya kukabidhi mswada. Wasiwasi kwamba wahitimu watakosa ajira nao ni wa haki. Ndiyo maana shahada hii ifungamanishwe na uhariri, tafsiri na uandishi wa redio, tena ikubali kazi za Kiswahili, Kimeru na Kiembu.