Maharagwe Kando ya Chai

Historia ya Sosiot, huko Kericho, husimuliwa kwa majani chai. Mimi naona mizizi ya maharagwe ina mengi zaidi ya kusema. Mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck alitenga bakteria wa vinundu vya mizizi ya mikunde, jamii ya maharagwe. Kimeng'enya chao, naitrojinesi, hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia, lakini huhitaji molibdenamu, madini ambayo udongo wenye asidi huyang'ang'ania. Chai hustawi kwenye asidi hiyo hiyo. KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ilianzishwa mwaka 1964, na kupitia kwake wakulima hao wamepata mbolea ya NPK kwa mkopo unaokatwa kwenye malipo ya majani; amoniamu iliyomo huzidisha asidi. Mtu atapinga: udongo wa Kericho ulikuwa na asidi kabla ya chai, mvua ikiosha chokaa karne nenda karne rudi. Ni kweli. Lakini mvua haikuleta naitrojeni ya gunia. Mbolea hiyo ikichepushwa hadi kwenye mahindi na maharagwe, maharagwe yaliyoshiba hayahangaiki kutengeneza vinundu. Pasua kinundu: kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea, kikiwa cheupe, mara nyingi bakteria wamekaa bure. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, bakteria wa kupaka mbegu, ila kwenye asidi kali pasipo chokaa hawadumu.