Koleo Kwanza: Meno na Waganga wa Meno Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

Novemba 1871, mtumbwi kutoka Ujiji ulikuwa ukipigwa makasia kuelekea kaskazini, ukifuata ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika. Abiria wake wawili walikuwa na swali moja: mto Ruzizi unaingia ziwani, au unatoka kuelekea Nile? Henry Morton Stanley alikuwa na umri wa miaka 30 na afya ya kutamanika. David Livingstone alikuwa na miaka 58, na mdomoni mwake magego yalikuwa ya kuhesabika. Stanley, ambaye hakuacha jambo lipite bila kuliandika, alieleza kwamba chakula kigumu cha nchi ya Lunda ndicho kilichoyamaliza meno ya mzee huyo. Mahindi makavu, miezi kwa miezi, pasipo kitoweo cha maana.

Livingstone mwenyewe hakuona haya. Alimwandikia binti yake Agnes kwamba mdomo wake umekuwa wa kutisha, na kwamba akitaka busu la baba itambidi alipokee kupitia tarumbeta ya kusemea. Alieleza pia namna alivyojing'oa meno. Uzi imara ulifungwa kwenye kisiki cha jino kwa fundo la mabaharia, na ncha ya pili ikafungwa kwenye gogo. Kisha uzi ulipigwa kwa bastola nzito karibu na jino, na jino likaruka pamoja na uzi wake. Aliyekuwa akifanya hivyo ni daktari aliyefuzu Glasgow mwaka 1840.

Wawili hao walipumzika Mugere, kusini mwa Bujumbura ya leo, ambako jiwe lenye majina yao bado linaonyeshwa kwa wageni. Walifika kwenye mdomo wa Ruzizi wakaona maji yanaingia ziwani. Baada ya hapo Stanley alimsihi mwenzake arudi Uingereza, apate nguvu, atengenezewe meno ya bandia, kisha arejee kumalizia kazi ya kutafuta chanzo cha Nile. Ushauri haukuwa mbaya. Ulaya ya wakati huo ilikuwa na meno ya bandia yaliyopachikwa kwenye mpira mgumu, na dawa ya usingizi ya etha ilikuwa imeonyeshwa hadharani huko Boston tangu 1846. Mwaka huohuo wa 1871 Mmarekani James Morrison alipata hataza ya mashine ya kuchimba meno iliyoendeshwa kwa mguu. Livingstone alikataa. Alifia kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, tarehe 1 Mei 1873.

Hakuwa msafiri wa kwanza kuteseka mdomo kwenye maji hayo. Richard Burton alifika Uvira, ufuo wa magharibi katika Kongo ya leo, Aprili 1858 pamoja na John Speke, akiwa na vidonda vya ulimi vilivyomfanya ashindwe hata kusema vizuri. Uvira ndiyo iliyokuwa kituo cha mwisho cha wafanyabiashara upande wa kaskazini, na hapo wana wa mwami, mtawala wa huko, walimwambia Burton kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Aliumia moyo kwa habari hiyo kuliko ulimi.

Mbele ya jino linalouma, basi, daktari wa Glasgow na mvuvi wa Uvira walikuwa sawa. Dawa ilikuwa kuvumilia au kung'oa. Usafi wa kila siku ulikuwa na zana zake, na hazikuwa za kudharauliwa: kijiti kilichotafunwa ncha hadi kikawa nyuzi, mkaa uliosagwa, chumvi, maji ya kusukutua. Biashara ya pwani ilipofika ziwani, Uislamu ulifika nayo, pamoja na desturi ya kupiga mswaki kabla ya swala. Miaka ya 1980 Shirika la Afya Duniani lilikuja kuhimiza kijiti hichohicho kama njia rahisi ya kusafisha meno.

Wala si kwamba watu wa Kongo hawakuwa na mafundi wa meno. Walikuwapo, ila kazi yao ilikuwa nyingine. Stanley aliporudi mwaka 1876 na kushuka mto Lualaba, magharibi ya ziwa, alikuta wenzake wa msafara wakiwaita wenyeji fulani Wasongora Meno, kwa kuwa walichonga meno yao ya mbele yakawa makali. Kuchonga jino bila kulipasua kunataka mkono uliotulia na jicho linalojua mahali pa kukoma. Fundi akikosea, aliyechongwa ataishi na kosa hilo maisha yake yote.

Wazungu waliyageuza meno hayo kuwa kioja. Mwaka 1904 kijana wa Kimbilikimo, Ota Benga, alitolewa misitu ya Kongo akapelekwa kwenye maonyesho ya St. Louis, Marekani, na watazamaji walilipa senti ili afungue kinywa. Mwaka 1906 aliwekwa ndani ya nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, hadi wachungaji weusi wa mji huo walipopinga vikali. Baadaye alihamia Lynchburg, Virginia, na huko meno yake yaliyochongwa yalifunikwa kwa kofia ili aweze kukaa darasani bila kukodolewa macho. Kwa hesabu za kitabibu hiyo ilikuwa kazi nzuri ya kutengeneza meno. Inasimuliwa kwamba Machi 1916, kabla ya kujiua, alizibandua kofia zile.

Utawala wa kikoloni ulipojijenga Uvira katika miaka ya 1890, baada ya kuanguka kwa Rumaliza na wafanyabiashara wenzake wa Ujiji, afya ya kinywa haikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Adui aliyeogopwa ufuoni alikuwa malale. Ugonjwa huo ulitisha pande zote mbili za ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, na nguvu za waganga wa Kibelgiji na Kijerumani ziliishia huko. Jino la mwenyeji lilingoja zahanati ya misheni au ya serikali, mbele ya muuguzi mwenye koleo. Koleo halihitaji umeme, halihitaji miadi ya pili, na mgonjwa anatoka akijua kwamba maumivu yamekwisha. Kuziba jino kunahitaji kiti, taa, maji, mashine, dawa ya kuzibia na mtu aliyesomea. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960 hapakuwa na Mkongo hata mmoja mwenye shahada ya udaktari. Idara ya meno ingetoka wapi?

Ndiyo maana hadi leo, katika miji mingi ya eneo hilo, mtu akisema anakwenda kwa munganga wa meno, jirani haulizi kama jino linazibwa. Anauliza ni la juu au la chini.

Kisa cha ajabu zaidi cha meno katika ziwa hili, hata hivyo, hakihusu jino bovu. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 1965, boti ilivuka kutoka Kigoma ikatia nanga Kibamba, katika Fizi, kusini mwa Uvira. Ndani yake alikuwamo mtu aliyeitwa Tatu, daktari na mkalimani wa kikundi cha Wakuba. Alikuwa Che Guevara, ambaye ulimwengu mzima ulikuwa ukijiuliza yuko wapi. Alitoka Kuba kwa pasipoti ya mtu aitwaye Ramón Benítez, akiwa amenyolewa, amevaa miwani, na mdomoni amewekewa meno ya bandia yaliyobadili umbo la uso wake. Aliyemtengenezea ni daktari wa meno Luis García Gutiérrez, aliyejulikana kwa jina la Fisín na aliyefanya kazi na idara ya usalama ya Kuba. Pengine ndiyo kazi bora ya meno ya bandia iliyopata kufika ufuo huo, na haikukusudiwa kutafuna chochote.

Che naye alikuwa na historia na koleo. Alipopigana milimani Sierra Maestra aliwang'oa meno wapiganaji wenzake, na kwa kuwa ganzi ilikuwa haba, alikiri kwa mzaha kwamba aliwatuliza kwa matusi. Kongo alikaa hadi Novemba mwaka huohuo, akaondoka kwa kushindwa.

Wakati huo kulikuwa na jambo tulivu zaidi likitendeka uwandani mwa Ruzizi, na athari yake kwa meno ilizidi ya vita. Kiliba, kaskazini kidogo ya Uvira, kilijengwa kiwanda cha sukari katika miaka ya 1950. Miwa ilitafunwa tangu zamani, lakini muwa una nyuzi na hutafunwa kwa nafasi. Sukari nyeupe ndani ya chai, na tena ndani ya mandazi ya kuteremshia chai hiyo, ni habari nyingine. Bakteria wa kinywani huigeuza kuwa asidi, na asidi inapozidi kiwango fulani ganda la jino huanza kuyeyuka. Mate hulirudisha taratibu, mradi yapewe muda. Kinachoua jino, kwa hiyo, ni idadi ya nyakati mtu anapokula sukari kwa siku, zaidi ya wingi wake. Hilo lilithibitishwa Uswidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, katika taasisi ya Vipeholm, ambako watu wenye ulemavu wa akili walilishwa peremende za kunata kati ya milo hadi meno yakaoza. Hawakuulizwa. Maarifa yale yanatumika kila kliniki duniani, na aibu ile inapaswa kutajwa pamoja nayo.

Kiwanda cha Kiliba kilifungwa mwaka 1996 vita vilipoingia Uvira, kikafufuliwa miaka mingi baadaye. Vita hivyohivyo viliwatupa maelfu ya watu wa Uvira na Fizi ng'ambo ya ziwa, katika kambi mpya ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Na hapo, kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga, wakakutana na uvumbuzi wa Kitanzania.

Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya meno ya Muhimbili, Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake waliona mashine za kubebeka zikishindwa kufanya kazi vijijini. Zilikuwa nzito, ziliharibika, na zilidai umeme. Wakajaribu kuziacha. Uozo laini ulikwanguliwa kwa vifaa vya mkono tu, na tundu likajazwa saruji ya meno inayojishikiza yenyewe. Baadaye ilipatikana glasi-ionoma, saruji bora zaidi inayotoa floraidi polepole ndani ya jino. Hakuna mngurumo wa mashine, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Njia hiyo ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994, Shirika la Afya Duniani likaitangaza rasmi. Mwaka 2011 jarida la kimataifa la meno lilichapisha taarifa ya mpango uliofanyika katika kambi mbili za magharibi mwa Tanzania, ikiwemo Nyarugusu, ambako wahudumu wa afya wa kambini walifundishwa kung'oa kwa usalama na kuziba kwa mkono.

Inafaa kusema wazi kwamba si kila kinga ya meno katika Maziwa Makuu ni kinga. Uganda, Rwanda na Tanzania wako wanaowang'oa watoto wachanga machonge yaliyo bado ndani ya ufizi, wakiamini kuwa ni meno ya plastiki au ya nailoni yanayoleta homa na kuhara. Uvimbe ule ni jino la kawaida linalojiandaa kutoka. Mtoto hubaki na kidonda, hatari ya pepopunda, na mara nyingine jino la ukubwani lililoharibika kabla halijaonekana.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza vitu vitatu vya meno katika orodha ya dawa muhimu: dawa ya mswaki yenye floraidi, glasi-ionoma, na kimiminika cha fedha na floraidi kilichoanza kutumika Japani. Hicho cha tatu hupakwa kwa kibrashi kidogo juu ya tundu la jino, na mara nyingi uozo unasimama. Chupa moja ndogo inatosha watoto wengi, na muuguzi yeyote anaweza kufundishwa kuipaka. Kasoro yake ni rangi: sehemu iliyooza hugeuka nyeusi kabisa, na haitoki. Kwa gego la mtoto wa miaka sita haidhuru. Kwa jino la mbele la msichana wa sekondari mama yake atauliza maswali, na mhudumu atalazimika kuwa na glasi-ionoma karibu ili alifunike.