Kabla ya Bwawa Lingine, Tuonyeshwe Ramani

Ukisikia ramani kwa simu, pengine unawaza kumwelekeza mtu wa boda. Leo nataka tuongee ramani ya mabomba ya maji, na nitawapeleka mbali kidogo: Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia.

Mwaka wa 1975 Khmer Rouge waliingia mji huo wakafukuza watu wote. Walipong'olewa 1979, wafanyakazi wengi wa maji hawakuwa hai tena, na michoro ya mabomba ilikuwa imepotea. Paipu zilikuwa chini ya ardhi, lakini nani angejua zinapita wapi? Kufikia 1993, kwa kila lita 100 zilizosafishwa, 72 hazikulipiwa. Zingine zilivuja, zingine ziliibwa.

Mwaka huo Ek Sonn Chan akapewa kuongoza shirika la maji. Watu wake walipita nyumba kwa nyumba wakiandika nani ana maji na nani analetewa bili. Wakaweka mita. Wakachora upya ramani ya mabomba, mji ukagawanywa maeneo madogo. Hesabu yake ni rahisi: unapima maji yanayoingia eneo, unajumlisha mita za wateja wa hapo. Tofauti ikiwa kubwa, unajua pa kuchimba, ama mlango wa kugonga.

Na milango mingine ilikuwa ya wazito wenye vyeo ambao hawakuzoea kulipa. Wakikataa mita, walikatiwa maji kama mtu mwingine yeyote. Kufikia 2008, hasara ilikuwa imeshuka hadi karibu lita 6 kwa 100.

Sasa turudi nyumbani. Ripoti za WASREB, wanaosimamia huduma za maji Kenya, zimeonyesha miaka nenda miaka rudi kwamba zaidi ya lita 40 kwa kila 100 hazilipiwi. Na Nairobi ikikauka, jibu letu ni lile lile: bwawa. Sasumua 1956, Ndakaini 1994. Sikatai mabwawa, watu tumeongezeka. Lakini nani anajaza ndoo iliyotoboka bila kuiziba kwanza?

Anayeumia si yule mwenye tangi kubwa juu ya paa. Ni yule anayenunua mtungi wa lita 20 kila asubuhi.

Teknolojia tunayo. Mimi nasema tuonyeshwe hesabu ya kila mtaa hadharani: maji yaliyoingia, maji yaliyolipiwa. Ramani ikikaa ofisini, itamwaibisha nani?