Taa za Njia ya Tabora: Kutoka Kijinga cha Moto hadi Chipu

Taa hufuata chakula chake. Wapelelezi Burton na Speke walipoingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa njiani kwa zaidi ya miezi 4 tangu watoke pwani. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika frasila 2 hivi, karibu kilo 32: nguo na shanga wakati wa kupanda bara, pembe za ndovu wakati wa kushuka. Kwa mwendo huo, mafuta ya kuwashia yangekuwa ghali kuliko mwanga wake. Kambi ililala kando ya kuni za miombo, na aliyetaka kwenda gizani alichukua kijinga cha moto.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mzigo ukahama kutoka mabegani. Mafuta ya taa yalisafirishwa kwa madebe ya galoni 4, na debe tupu likabaki kuwa kipimo cha mahindi hadi leo. Kopo dogo nalo likawa koroboi: kifuniko kinatobolewa, kinachomekwa kijineli cha bati, kisha utambi wa tambara la pamba. Mwanga wake ni mdogo na moshi wake ni mwingi. Aliyesomea koroboi aliamka na masizi puani. Karabai, yenye pampu na kijifuko cheupe kinachong'aa, ilikuwa ya duka, ya ngoma na ya wavuvi wa dagaa kule Ziwa Tanganyika.

Umeme ulileta tatizo jipya. Nyaya za nyumbani Tanzania hubeba volti 230, ilhali diodi moja ya buluu itoayo mwanga (LED), ambayo kuanzia 1993 iliwezekana kutengenezwa yenye mwanga mkali kwa kazi ya mhandisi Shuji Nakamura, huhitaji volti 3 hivi tu. Kuteremsha umeme kiasi hicho ndani ya balbu ndogo hupoteza nguvu na kuzalisha joto.

Chipu ya volti nyingi hulipunguza tatizo hilo ndani ya chipu yenyewe. Tabaka za galiamu nitridi zilizooteshwa juu ya yakuti samawi hukatwa kwa mifereji inayofika hadi kwenye yakuti hiyo, na kuwa diodi ndogo zilizotengana. Kuta za mifereji hufunikwa kwa oksidi ya silikoni isiyopitisha umeme, kisha daraja la metali huunganisha kila diodi na jirani yake. Diodi 6 kwa mfululizo hudai volti 18. Wati 1 inayohitaji miliampea 333 kwa volti 3 hapa huhitaji miliampea 56 tu. Diodi hizo hugawana volti kama wapagazi walivyogawana shehena, lakini mkondo unaozipitia ni mmoja. Kwa hiyo ukubwa wa diodi zote lazima ulingane. Kuta hizo nazo huinamishwa, kwani metali ikipita kwenye ukingo mkali hukatika, na daraja moja likikatika mfululizo wote huzimika. Kila mfereji pia hula eneo ambalo lingetoa mwanga, na hapo ndipo ugumu hasa wa usanifu ulipo.

Ujiji, mwisho wa njia ya zamani ya misafara, hesabu hugeuka, kwa kuwa hakuna volti 230 za kuteremsha. Taa ya LED inayochukua nafasi ya karabai mtumbwini hulishwa na betri ya volti 12: diodi 3 za kawaida kwa mfululizo hutumia volti 9, na kizuizi kidogo cha mkondo humaliza zilizobaki.