Askari wa Bara na Kambi ya Ziwani, 1963–1964

Mtaa wa Kikwajuni umo Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe wa Unguja, na karibu nao ipo kambi ya polisi ya Ziwani. Habari za usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, 1964, kambi hiyo ilipotekwa, zimekwisha andikwa mara nyingi. Nia ya makala hii ni kutazama jambo lililoutangulia usiku ule, nalo ni shauri la kazi: askari walioachishwa utumishi kwa ajili ya asili yao, wala si kwa kosa walilolitenda.

Katika zama za Waingereza askari wengi wa polisi ya Unguja waliandikwa kutoka Tanganyika, Kenya na nchi nyingine za bara. Ilikuwa desturi ya watawala hao, katika makoloni yao mengi, kumpeleka askari mahali asipokuwa na jamaa, ili asimpendelee mtu. Basi ugeni ndio uliompa mtu wa bara kazi yake.

Siasa ikaigeuza sifa hiyo kuwa dosari. Katika fujo za Juni, 1961, watu 68 walikufa, na tangu hapo kila mtu alipimwa kwa asili yake. Katika uchaguzi wa Julai, 1963, Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu katika 31. Serikali ikashikwa na ZNP na ZPPP chini ya Sheikh Muhammad Shamte. Watu wa bara walidhaniwa kuwa wafuasi wa Afro-Shirazi. Uhuru ulipopatikana tarehe 10 Desemba, 1963, Serikali ilikuwa na mashaka juu ya utii wa askari hao, ikawaachisha kazi.

Yafaa tuipime hoja ya kila upande. Serikali yaweza kusema kwamba dola huru ina haki ya kuwaandika wananchi wake, na kwamba bunduki haziwekwi mikononi mwa mtu asiyeaminiwa. Hoja hii si ya kupuuzwa. Lakini askari naye ana lake: utii hupimwa kwa matendo ya mtu mmoja mmoja. Anayeshitakiwa kwa uvivu au ulevi huweza kujitetea, na mashahidi wakaitwa. Aliyehukumiwa kwa asili yake atajitetea kwa neno gani? Hapa lugha yenyewe yatufunza. *Kuachishwa* kazi si lazima kuwe na aibu. *Kufukuzwa* kunadokeza kosa. Waliotoa amri wangeweza kulitumia neno la kwanza, lakini walioipokea walikuwa na kila sababu ya kulisikia la pili.

Baadhi yao walibaki Unguja bila mshahara, nao waliyajua majengo ya polisi, silaha zake na taratibu za zamu. Walioishambulia Ziwani walianza na mapanga na silaha nyingine duni. Walipokwisha kuiteka ghala walikuwa na bunduki, na miongoni mwao walikuwamo askari hao wa zamani. Haifai kusema kwamba Mapinduzi yalitokana na jambo hili peke yake, kwani yalikuwa na mizizi mingi, ya ardhi, ya umaskini na ya siasa. Lakini Serikali ilikuwa imepunguza nguvu ya ulinzi wake na papo hapo kuwaongezea nguvu adui zake. Siku nane baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika mahali pa Waingereza. Huko nako shauri la kazi liliamuliwa kwa bunduki.

Wala kosa hilo halikukoma kwa kuanguka kwa Serikali ile. Baada ya Mapinduzi watumishi wengi wenye asili ya Kiarabu na ya Kihindi waliondolewa kazini, na mizani ikawa ile ile, ila mshikaji alikuwa mwingine. Katiba ya Zanzibar ya 1984, katika kifungu cha 12, inakataza ubaguzi, na miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo imetaja pahala anapotoka.