Nokia 770: kompyuta ya kiganjani isiyopiga simu

Wadau, Nokia tunayoikumbuka wengi hapa Bongo ni ile ya tochi. Lakini Mei 2005 kampuni hiyo ya Finland ilitangaza Nokia 770, kompyuta ya kiganjani ya kuperuzi intaneti, kusikiliza muziki na kutazama video, ikiendeshwa na Linux. Kioo chake cha kugusa kilikuwa na pikseli 800 kwa 480. iPhone ya kwanza, 2007, ilikuwa na 480 kwa 320 tu! Ila laini haikuwa na pa kuingia. Pasipo Wi-Fi, uliomba intaneti kwa simu nyingine kupitia Bluetooth. Na hao ndio waliokuwa wakiuza simu nyingi kuliko wote duniani, jamani! N800 na N810 zikafuata, nazo bila laini. Hadi N900, mwishoni mwa 2009, ndipo ikapiga simu, na iPhone ya tatu ilishakuwa sokoni. Februari 2011 Nokia ikatangaza kuhamia Windows Phone ya Microsoft.