Stima Imepanda, Kulingana na Nani?

Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilikaa kwa ploti ambapo kila nyumba ilikuwa na mita yake ndogo, na mwenye ploti ndiye alikuwa anatupigia hesabu. Mwezi mmoja bei ya yuniti ikapanda. Kuuliza, nikaambiwa, "Serikali imepandisha." Nikalipa. Mwezi uliofuata ikapanda tena, nikalipa tena. Ningejuaje?

Kumbe ningejua. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar akaileta Mombasa. Nairobi nayo ilikuwa na kampuni yake. Mwaka 1922 biashara hizo mbili ziliunganishwa zikawa East African Power and Lighting, jina lililodumu hadi 1983 lilipogeuka kuwa Kenya Power and Lighting. Hapo uhuru ulishatimiza miaka ishirini na stima bado tunaiita ya Afrika Mashariki!

Lakini jina si hoja yangu. Hoja ni kwamba ilibidi tungoje sheria ya 1997 ndipo tupate bodi maalum ya kudhibiti umeme. Mwaka 2007 ikawa tume, ikaongezewa mafuta, na tangu 2019 inaitwa EPRA. Ndio hao kila tarehe 14 wanafanya watu wa bodaboda washike simu kuangalia bei ya petroli.

Kile wengi wetu hatujui ni kwamba bili ya stima nayo ina tangazo lake. Kuna gharama ya mafuta, yale yanayochomwa kwa jenereta za dizeli, na kuna ya kubadilisha fedha za kigeni. Zote hubadilika, na viwango vyake huchapishwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali. Ukitaka kujua stima yenyewe inatoka wapi, ripoti ya uchumi ya KNBS hutoka kila mwaka na ina sura nzima ya nishati. Ifungue uone vile mvuke wa Olkaria unatubeba, na kituo cha kwanza pale kilianza 1981 na megawati 15 tu.

Na ukinyimwa habari? Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kuiomba, na sheria ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kukujibu.

Shida yangu na hizi hati ni moja. Ziko wazi kisheria, halafu zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Shosho yangu analipa ile asilimia 5 ya kusambaza stima mashinani kila akinunua tokeni, na hakuna ukurasa hata mmoja niliopata wa kumwelezea kwa lugha anayoongea.

Mimi nilionyeshwa na jamaa wa darasani anayesomea uhandisi. Tukatafuta notisi za ile miezi miwili. Gharama ya mafuta ilikuwa imeshuka. Nikachapisha ukurasa, shilingi kumi kwa saiba, nikampelekea mwenye ploti.

Aliusoma akiwa amesimama mlangoni, miwani ikiwa kwa paji la uso.

"Kijana, hii umetoa wapi?"

Mwezi huo yuniti ilirudi bei ya zamani. Ile miezi miwili hakurudisha.